Mke wangu anasema hajalala, nami nilimsikia akikoroma

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa aibu kidogo, maana jambo lenyewe ni la ndani ya nyumba na naogopa mimi ndiye niliyeliharibu.

Mke wangu ana miaka 49, ni fundi cherehani. Mwaka jana aliugua mkanda wa jeshi, ukamzunguka upande wa kushoto kuanzia mgongoni hadi chini ya ziwa. Malengelenge yalikauka baada ya wiki tatu hivi, ngozi ikapona, yakabaki madoa tu. Tukamshukuru Mungu tukajua yamekwisha. Hayakwisha. Huu ni mwezi wa kumi na moja na bado anasema ubavu unamchoma kama umewekewa pasi, na mara nyingine hupita kitu kama shoti ya umeme mpaka anashika meza. Cha ajabu, nikimgandamiza pale kwa kiganja anavumilia. Shuka ikimpitia tu, anaruka.

Mchana anajikaza. Anashona, anaongea na wateja, hata kucheka anacheka. Usiku ndiyo kazi. Anageuka, anakaa, anasimama dirishani, anarudi. Asubuhi macho mekundu, mwili mzito, anasahau vipimo alivyoviandika kwa mkono wake jana yake. Kila siku wimbo ni huohuo: "Sijapata hata lepe la usingizi."

Hapo ndipo ulipoanzia ugomvi. Mimi nalala naye chumba kimoja, na nimemsikia akikoroma, si mara moja wala mbili. Usiku mmoja niliamua kutazama saa. Kuanzia saa sita na robo mpaka saa nane na nusu alikuwa amelala, anapumua vizuri, hajageuka. Asubuhi akasema hajalala. Nikamwambia mbele ya watoto, "Mama, acha kuniongopea, nimekuona kwa macho yangu." Aliniangalia tu. Siku mbili hakuniongelesha, na tangu hapo amehamia sebuleni, analala kwenye kiti akiegemea upande wa kulia.

Hospitali tulikwenda. Daktari aliangalia ngozi, akampiga picha ya kifua na kumpima damu, akasema kila kitu kiko sawa, apunguze mawazo. Akampa dawa za maumivu za kawaida ambazo hazikugusa kitu. Mimi nikaona nisaidie, nikampa kidonge cha usingizi alichoandikiwa kaka yangu. Alilala kama gogo, asubuhi akaamka anayumba, akajikata kidole kwa mkasi, na ubavu ukawa unachoma vilevile. Sijampa tena, ila vidonge viko kabatini na kuna usiku navitamani kwa niaba yake.

Shangazi, niambie ukweli. Anaongopa? Kama ni ugonjwa wa ubavu, mbona mchana anaweza na usiku anashindwa? Na pale sebuleni nimwache, au nimrudishe kitandani?

Mume asiyeelewa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalokuuma zaidi. Mke wako haongopi. Wewe nawe huongopi. Ulimsikia akikoroma na kweli alikuwa amelala. Yeye anasema hajalala, na kweli hakupumzika. Hayo mawili yanakaa pamoja ndani ya kichwa kimoja, na ukishaelewa yanavyokaa pamoja, ugomvi wenu utakuwa umekosa pa kusimama.

Kabla ya kushika safu hii nilikuwa nesi, na zamu za usiku nilizifanya miaka mingi. Nilikuwa nikipita na tochi, naiinamisha isimpige mgonjwa usoni, naona macho yamefumba na kifua kinapanda na kushuka, naandika kwenye faili: amelala vizuri. Asubuhi mtu huyohuyo ananiambia hakulala. Nilidhani wanatia chumvi. Wengi wao walikuwa watu wa mishipa ya fahamu: wenye kisukari ambao nyayo zinawaka moto, waliokatwa mguu na bado mguu unawauma, waliopitiwa na mkanda wa jeshi kama mkeo. Ninajutia sura niliyokuwa nikiwaonyesha. Kwa hiyo nakuelewa ulipoikosea ile asubuhi, nami nimepita hapohapo.

Sasa tuingie ndani.

Mkanda wa jeshi unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtu anaugua tetekuwanga utotoni, anapona, lakini kirusi hakiondoki. Kinajificha kwenye vifundo vya neva, yaani mishipa ya fahamu, vilivyo kando ya uti wa mgongo, kinakaa kimya miaka na miaka. Kinga ikilegea kinaamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi, ndiyo maana malengelenge hujipanga kama mshipi, upande mmoja tu. Ngozi hupona. Neva iliyopitiwa huenda isipone. Maumivu yakiendelea zaidi ya miezi mitatu baada ya vipele kukauka, tatizo halipo tena kwenye ngozi, liko kwenye waya wenyewe. Picha ya kifua haiwezi kuonyesha hilo, wala damu. Kwa hiyo "kila kitu kiko sawa" maana yake ni kwamba vilivyopimwa viko sawa. Neva haikupimwa.

Neva iliyojeruhiwa hufyatua taarifa hata pasipo na jambo. Ikipiga kelele hivyo mwezi baada ya mwezi, uti wa mgongo unaozipokea hubadilika pia. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba baada ya jeraha, seli za ndani ya uti wa mgongo zenyewe huwa nyepesi kuwaka, zinakuza kila kinachoingia. Hapo ndipo mguso mwepesi unapotafsiriwa kuwa moto. Ulichokiona nyumbani kwako, kwamba kiganja anakivumilia na shuka inamrusha, ni alama inayojulikana sana ya maumivu ya neva: kitu kinachopapasa na kusogea huuma kuliko kitu kinachokandamiza na kutulia. Mtu anayeigiza asingewaza kuigiza hivyo.

Kutoka uti wa mgongo taarifa hupanda hadi katikati ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo thalamasi. Ichukulie kama bawabu. Karibu kila kinachotoka mwilini kinapitia kwake kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo, ambako ndiko tunakohisi. Mtu mzima akizama kwenye usingizi mzito, bawabu huyu hubadili namna anavyofyatua umeme wake, na taarifa nyingi huishia mlangoni. Ndiyo maana aliyelala hasikii gari linalopita. Kwa watu wenye maumivu sugu ya neva, madaktari wa upasuaji wa ubongo waliorekodi seli za thalamasi wamezikuta zikifyatua kwa mafungu yasiyo na mpangilio hata mgonjwa akiwa macho. Bawabu amechanganyikiwa: mchana anafanya ya usiku, na usiku mlango haufungi sawasawa.

Lakini jambo linalojibu swali lako kabisa ni hili. Gamba la ubongo lina ramani ya mwili. Mkono una eneo lake, mguu una lake, ubavu una lake. Na usingizi haushuki kwenye ubongo wote kwa mkupuo kama taa inavyozimwa; kipande kimoja kinaweza kuwa macho wakati jirani zake wamelala. Mwaka 2021 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya waliojeruhiwa neva ya mguu wa nyuma. Walipopima usingizi kwa njia ya kawaida, saa za kulala na hatua za usingizi, panya hao walionekana hawana tatizo. Nesi mwenye tochi angeandika "amelala vizuri". Walipochungulia lile eneo la ramani linalohusika na mguu, wakakuta linashtuka mara kwa mara, linaamka kwa sekunde chache kisha linarudi, na kila likishtuka moyo unaongeza kasi. Eneo jingine la mbele ya ubongo walilolipima halikuwa na mishtuko hiyo ya ziada. Tena panya wale wakitikiswa kidogo usingizini waliamka upesi kuliko wenzao wazima.

Najua panya si mke wako. Hata hivyo sijawahi kusoma kitu kinachofanana na malalamiko ya wagonjwa wangu kama hicho. Saa mbili na robo ulizozihesabu zilikuwa usingizi. Inaelekea ndani ya saa hizo kipande chake cha ubavu kilikuwa kinaruka na kutua, moyo ukikimbia nacho, na yeye hakufungua macho hata mara moja. Asubuhi anachokumbuka ni uchovu wa mtu aliyekesha. Neno alilo nalo kwa hali hiyo ni "sijalala".

Umeuliza kwa nini mchana anaweza. Kwanza, ubongo una njia zinazoshuka kwenda kwenye uti wa mgongo kuyatuliza maumivu, na mtu akiwa na kazi mkononi, macho yakifuata uzi, sikio likimsikiliza mteja, njia hizo hufanya kazi vizuri zaidi. Usiku hubaki giza na ubavu tu. Pili, mwili una saa yake. Mwaka 2022 watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliwaweka vijana wenye afya njema macho kwa saa 34 katika mwanga hafifu usiobadilika, bila saa wala dirisha, wakawapima maumivu kila baada ya muda. Waliumia zaidi karibu saa tisa usiku, na maumivu yalishuka chini kabisa alasiri. Hao ni watu wazima wa afya. Mwenye neva mbovu anafika kwenye saa hiyo tayari kabeba mzigo.

Kuna pia doa dogo la rangi ya buluu kwenye shina la ubongo linalotengeneza noradrenalini. Linafanya kazi mbili: linatuweka macho, na linatuma kemikali hiyohiyo chini kwenye uti wa mgongo kuzima maumivu. Maumivu yakidumu miezi mingi, utendaji wake huvurugika. Mtu anaishia na ubongo unaokesha na breki za maumivu zilizolegea. Likumbuke doa hili, nitalirudia kwenye dawa.

Na mzunguko unajifunga wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwakesha watu wazima wa afya usiku mmoja tu, kisha wakawagusa ngozi kwa joto linalouma huku wakiupiga ubongo picha. Gamba linalohisi liliwaka zaidi kuliko walipokuwa wamelala, na maeneo ya ndani yanayosaidia kuyapima na kuyapunguza maumivu yakawa yamezubaa. Usiku mmoja tu, kwa watu wasioumwa. Mke wako ana miezi kumi na moja. Tafiti zilizowafuatilia watu kwa muda mrefu zinaelekea upande mmoja: usingizi mbaya hutabiri maumivu ya kesho kwa uhakika zaidi kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usingizi wa usiku.

Mimi nalishikilia hilo kwa mikono miwili, kwa sababu linabadilisha mpango mzima. Nyumba nyingi husubiri maumivu yaishe ndipo usingizi urudi. Msisubiri. Usingizi wa mke wako ni sehemu ya ugonjwa, utibiwe sambamba na ubavu, kuanzia wiki hii.

Rudini kwa daktari, na safari hii nenda naye ukiwa shahidi wake. Mseme wazi: alikuwa na mkanda wa jeshi, sasa ni miezi kumi na moja, panachoma, panapiga shoti, shuka haivumiliki, na hapumziki usiku. Maneno hayo manne, kuchoma, shoti, shuka na usiku, yanamfungulia daktari ukurasa mwingine kabisa. Mwombe amguse kwa pamba na kwa ncha butu, alinganishe kulia na kushoto. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Akiwaambia tena apunguze mawazo, tafuteni daktari mwingine, hasa wa mishipa ya fahamu kama yupo. Sikatai kwamba mke wako ana mawazo. Asingekosa kuwa nayo. Ila mawazo hayakumchoma ubavu.

Parasetamoli na ibuprofeni hazisaidii sana kwenye maumivu ya neva, kwa hiyo zisipofanya kazi asidhaniwe msumbufu. Dawa zinazotangulizwa na miongozo ya madaktari ni za aina nyingine: amitriptilini na ndugu zake kwa dozi ndogo, duloksetini, gabapentini, pregabalini. Amitriptilini na duloksetini zilianza kama dawa za sonona, na watu wengi huzitupa wakisoma karatasi yake. Asizitupe. Hapa kazi yake ni kuongeza ile noradrenalini kwenye uti wa mgongo, kuzirudishia breki nguvu. Gabapentini na pregabalini hupunguza kufyatuka kwa neva zenyewe, na pregabalini imeonekana kuongeza usingizi mzito. Kwa eneo dogo kama lake ipo pia plasta ya lidokeini ya asilimia 5, hubandikwa juu ya ngozi isiyo na kidonda kwa muda usiozidi saa 12 kati ya 24. Akiibandika jioni inamfunika usiku.

Ipi kati ya hizo, hilo ni la daktari. Amtajie kama ana matatizo ya moyo, presha ya macho au figo, kama anakunywa pombe, na dawa nyingine zote anazotumia. Huanza na dozi ndogo na kupanda polepole. Asubuhi za mwanzo anaweza kuwa na kichwa kizito na mdomo mkavu. Amitriptilini ikinywewa mapema jioni badala ya wakati wa kupanda kitandani, uzito huo hupungua. Siku hizo asishike mkasi asubuhi na mapema, amekwisha kujikata mara moja. Mjipe wiki sita hadi nane kabla ya kusema dawa imeshindwa. Maumivu yakipungua kwa theluthi au nusu, hayo ni mafanikio makubwa, na mara nyingi usingizi ndio huwa wa kwanza kuonyesha dalili.

Vile vidonge vya kaka yako vitoe kabatini leo, mrudishie mwenyewe. Dawa nyingi za usingizi, hasa za kundi la diazepamu, zinamlaza mtu lakini zinapunguza usingizi mzito, ule hasa anaouhitaji, na neva haziigusi. Ndicho ulichokiona: gogo usiku, kuyumba asubuhi, ubavu palepale. Zaidi ya hapo, zikichanganywa na gabapentini au pregabalini, au na dawa kali za maumivu, au na pombe, zinaweza kufifisha pumzi ya mtu aliyelala. Hilo niliwahi kulishuhudia kwenye zamu yangu, sitaki ulishuhudie.

Na huko kukoroma. Kwa kuwa wewe ndiye uliye macho, sikiliza vizuri. Akikoroma, pumzi inakatika kwa sekunde kumi au zaidi kisha anavuta kwa kishindo kama aliyekuwa anazama? Kama ndiyo, huo ni ugonjwa mwingine wa usingizi, unaweza kukaa juu ya ule wa neva, na daktari lazima aujue kabla hajaandika dawa yoyote ya kusinziza. Mrekodi kwa simu dakika chache, kwa ruhusa yake, mkamsikilizishe daktari. Ruhusa hiyo ni muhimu. Safari hii unakusanya ushahidi wa kumtetea, naye ajue hivyo.

Sasa kitanda. Kwa nguvu, hapana. Ila nisingependa kiti kiwe kitanda chake cha kudumu, maana shingo na mgongo vitadai vyao. Tengeneza kwanza kinachomfukuza. Shuka zenu ziwe mbili, yake na yako, ukigeuka usimburuzie yake ubavuni. Alale upande wa kulia na mto mgongoni usimruhusu abiringike kushoto. Halafu, yeye ni fundi: ajishonee fulana laini ya pamba au hariri inayobana kiasi, mishono ikiwa nje na si ndani, isiyo na lebo wala mkunjo pale ubavuni. Nguo iliyotulia juu ya ngozi huizuia shuka isipapase. Niliwahi kumwona mgonjwa aliyevaa fulana kugeuza nje ndani kwa sababu hiyo, bila kufundishwa na mtu, na akatuambia ndiyo iliyompa usiku wake wa kwanza. Wengine hutulizwa na kitu cha ubaridi kilichofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache. Wengine baridi inawachoma zaidi. Ajaribu mchana kwanza, na barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Kitanda chenyewe kina kesi yake. Miezi kumi na moja ya kupigana pale imeufundisha ubongo wake kwamba kitanda ni uwanja wa vita. Akipanda tu, anaamka. Mwanasaikolojia Richard Bootzin aliandika kuhusu hili mwaka 1972, na alichopendekeza bado kinatumika: kitanda ni cha kulala, si cha kusubiri usingizi. Apande akiwa amesinzia kweli, hata ikiwa saa sita. Akikaa macho kama dakika ishirini kwa kukadiria, bila kutazama saa, anyanyuke aende kwenye kile kiti chake, taa hafifu, afanye kitu kisichohitaji akili, arudi kope zikilegea. Asubuhi aamke saa ileile kila siku, hata usiku uwe umemtendaje, na atoke nje kwenye mwanga. Akilala mchana isizidi dakika ishirini, kabla ya alasiri.

Hii ni sehemu ya tiba ya fikra na tabia kwa waliokosa usingizi, ambayo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 itangulie kabla ya vidonge. Kwa wenye maumivu sugu inasaidia usingizi vizuri. Maumivu yenyewe huyapunguza kidogo, si kwa kila mtu. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, atachoka zaidi kabla hajapata nafuu, na hapo ndipo wengi huacha. Asipunguze muda wa kitandani chini ya saa tano na nusu kwa usiku. Akipata mtaalamu wa kumwongoza ni bora zaidi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri miadi. Maumivu yakibadilika tabia, yakija na homa au kupungua uzito. Miguu ikikosa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, haja ikitoka bila kujua: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Akianza dawa ukamkuta amelala pumzi hafifu za taratibu na haamki ukimtikisa, hivyo hivyo. Na akisema, hata kwa kupitisha tu, kwamba amechoka kuishi, usimkemee na usigeuze maneno. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, umpeleke kwa mtaalamu. Maumivu pamoja na kukesha humfikisha hapo hata mtu imara.

Kwa wasomaji wengine wanaowaka nyayo usiku: pimeni kisukari, ulizeni kuhusu vitamini B12, na mkiwa kwenye dawa za kifua kikuu au za saratani mwambieni daktari mapema, maana neva huumia pia kwa njia hizo. Na kama si kuchoma bali ni hamu isiyozuilika ya kuchezesha miguu, inayotulia ukitembea, huo ni ugonjwa tofauti na tiba yake ni nyingine.

Umeniambia ulimwita mwongo mbele ya watoto. Basi na kumwomba radhi kuwe mbele yao. Waeleze kwa maneno yao kwamba ubavu wa mama una neva iliyoumia, kwamba kipande cha kichwa chake hakilali hata yeye akilala, na kwamba hakuna atakayemgusa upande wa kushoto bila kumwambia kwanza. Kisha nenda sebuleni, kaa naye. Asubuhi acha kumwuliza kama amelala. Muulize, "Leo umeamka na nguvu kiasi gani?" Jibu lake liandikeni kwenye daftari, kutoka sifuri hadi kumi, wiki mbili mfululizo, pamoja na saa aliyopanda na saa aliyoamka. Daftari hilo ndilo mtakaloingia nalo kwa daktari.

Shangazi